Mkuu, usijaze hori kesho: nafaka kwa kondoo huingia kidogo kidogo au inaua

Kabla hujasoma mchango mwingine kwenye uzi huu, nenda kafunge hayo magunia. Umeandika kwamba malisho yamekauka, majike wanaonyonyesha mapacha wamekonda hadi mbavu zinahesabika, wanakondoo wana kama mwezi mmoja, na kesho alfajiri unajaza mahori mchanganyiko wa mahindi na shayiri iliyosagwa "wale mpaka washibe wenyewe". Halafu ukauliza: kilo ngapi kwa kichwa, chakula cha ng'ombe wa maziwa kinafaa au hakifai, jiwe la chumvi la kulamba, umri wa kuwaachisha wanakondoo kunyonya, na mbegu gani ya dume inakuza haraka. Mengi ya hayo yanaweza kusubiri. Hilo la kesho alfajiri haliwezi.

Mchangiaji mmoja hapo juu amekuunga mkono, akasema kondoo anajua kiasi chake na akishiba ataacha. Maneno hayo hayo niliambiwa na muuza chakula cha mifugo niliyekuwa namwamini kabisa. Alikuwa ananiuzia dawa ya minyoo, chumvi, kila kitu, na hakukosa jibu la swali lolote. Nilimweleza hali ya kundi: majani yameisha, majike wananyonywa na mapacha hadi wanabaki mifupa, wanakondoo wanasuasua. Akasema saga nafaka iwe laini ili isipotee kwenye kinyesi, jaza hori asubuhi, waachie, ndani ya wiki utaona tofauti. Hakuniuliza kondoo walikuwa wanakula nini mpaka siku hiyo. Hakuniuliza kama nina nyasi kavu za kutosha. Hakuniuliza kama wamewahi kuonja nafaka maishani mwao. Maswali hayo matatu yangetosha kuokoa kundi, na mtu anayeuza nafaka ya mifugo ana wajibu wa kuyauliza kabla hajapokea hela ya mtu.

Nikafanya alivyosema.

Huyu kondoo anayesifiwa kwa upole, mngoje aione nafaka. Adabu yote inaisha. Wakubwa walipita juu ya migongo ya wenzao, wakasukuma vichwa, wakala bila kutafuna. Wadogo na wanyonge walibaki pembeni wakiokota punje chini. Hili lishike, kwa sababu hesabu yako ya "kilo ngapi kwa kichwa" inalificha. Ukimwaga kilo 20 kwa kondoo 40, kwenye karatasi kila mmoja amepata nusu kilo. Horini mwenye nguvu amekula sehemu ya watu watatu na mnyonge hajapata kitu. Yule wa wastani ambaye umempigia hesabu hayupo.

Mchana nilifurahi. Matumbo yamejaa, kundi limetulia, hakuna anayelia njaa. Jioni ndipo nilipoona kuna kitu. Baadhi walikuwa wamesimama peke yao, vichwa chini, hawasogei hata ukiwafuata. Na hawakuwa wanacheua. Kondoo aliyeshiba vizuri hulala akacheua, taya linatembea, macho yamelegea kwa raha. Ukipita jioni kwenye kundi ukakuta taya zimesimama, usijiambie wamechoka. Tumbo limesimama.

Usiku walianza kusaga meno, sauti inayosikika kutoka nje ya zizi. Ukibonyeza ubavu wa kushoto unasikia maji yanacheza ndani. Kinyesi kikawa uji wa kijivu wenye harufu kali ya uchachu, na ndani yake chembe za nafaka. Macho yakazama. Wengine walitembea kama hawaoni, wakagonga ukuta. Alfajiri wa kwanza walikuwa wameshakufa, na vifo viliendelea siku zilizofuata.

Waliokufa ni akina nani? Si wale waliokonda niliotaka kuwaokoa. Walikufa majike bora kuliko wote, wenye umbo, wenye maziwa, wanaozaa mapacha kila mwaka na kuwalea wote wawili, kwa sababu ndio waliokuwa na nguvu ya kufika horini kwanza. Walikufa wanakondoo waliotangulia wenzao kukua. Yale mabovu niliyotaka kuyanenepesha yalibaki hai kwa kuwa yalinyimwa nafasi. Mtu anayefuga anaelewa maana yake: umepoteza mbegu ya kundi, miaka ya kuchagua, na ukabaki na wale ambao ungewauza.

Nilimpigia yule muuzaji usiku ule ule. Akasema ni minyoo, wape dawa. Saa kadhaa baadaye akasema labda ni baridi. Siku ya pili akasema labda kuna mtu ana chuki na mimi, ameweka sumu. Hakuna mahali alipogusa nafaka yake. Hasira yangu haiko kwenye kukosea, kila mtu hukosea. Iko kwenye zile saa alizonipotezea. Ugonjwa huu ukiukamata mapema una nafasi ya kumponya mnyama, na mimi saa za mwanzo nilikuwa nawanywesha dawa ya minyoo kondoo ambao tumbo limeshaacha kufanya kazi. Mtu akikushauri kitu, kikaharibika, halafu akaanza kutafuta mchawi, mkimbie. Na huyo mchangiaji anayesema kondoo anajua kiasi chake, aje aseme ni kondoo gani alimwona akiacha hori lenye nafaka kwa hiari yake.

Daktari wa mifugo alipokuja alipasua mmoja mbele yangu. Tumbo kubwa lilikuwa limejaa uji, na harufu ya uchachu ilitusukuma nyuma. Akapitisha kidole kwenye ukuta wa ndani, utando ukabanduka. Alinieleza mambo ambayo ningelipa chochote kuyajua wiki moja kabla.

Tumbo kubwa la kondoo halimeng'enyi chakula lenyewe. Kazi inafanywa na vijidudu, mabilioni kwa mabilioni, na kondoo anaishi kwa kile wanachotengeneza. Kundi lililozoea nyasi lina vijidudu wa nyasi: wanakwenda taratibu, na wanataka tumbo lisilo na asidi nyingi, pH (kipimo kinachoshuka asidi ikizidi) kati ya 6 na 7. Hali hiyo inalindwa na mate, kwa sababu mate ya kondoo yana baikaboneti inayozimua asidi, na mate mengi hutoka wakati wa kutafuna nyasi na kucheua. Sasa mwaga wanga mwingi kwa mara moja. Kuna bakteria wengine waliokuwa wachache, na hao wakikutana na wanga wanaongezeka kwa saa tu, wakitoa asidi ya laktiki. Wale ambao kazi yao ni kuila asidi hiyo hawaongezeki haraka hivyo. Wanahitaji wiki mbili au zaidi kujaa. Kwa hiyo asidi inalundikana bila wa kuiondoa. pH inashuka chini ya 5.5, halafu chini ya 5. Vijidudu wa nyasi wanakufa, tumbo linasimama, na maji yanavutwa kutoka kwenye damu kuingia tumboni. Ndiyo maana mnyama anakaukiwa, macho yanazama, na huku tumbo lake limejaa maji. Ukuta wa tumbo ukichubuka, bakteria wanapenya hadi kwenye ini. Asidi inaingia kwenye damu. Vitamini B1, ambayo vijidudu ndio humtengenezea kondoo, nayo inaweza kukosekana, na hapo ndipo unaona kondoo anatembea kipofu na kichwa kimepindia nyuma. Dalili huanza kati ya nusu siku na siku moja na nusu baada ya kula, na kifo huja ndani ya siku moja hadi tatu.

Hapo tazama ushauri wa "saga laini". Nafaka iliyosagwa laini ina sehemu nyingi zaidi za kushambuliwa na bakteria, kwa hiyo inachacha haraka zaidi, na wakati huo huo haihitaji kutafunwa, kwa hiyo mate ni machache. Ameongeza moto na kuondoa maji. Kondoo mwenye meno mazima hahitaji kusagiwa mahindi wala shayiri. Si kama ng'ombe. Yeye hutafuna punje nzima vizuri. Mtama ni punje ndogo ngumu, huo unaweza kuuparaza, na majike wazee waliopoteza meno unaweza kuwaparazia kidogo. Unga, hapana. Na wewe mchanganyiko wako una shayiri. Shayiri na ngano huchacha haraka kuliko mahindi na mtama, kwa hiyo umechagua njia iliyo fupi zaidi ya kufika nilikofika mimi.

Waliopona hawakupona kweli. Wengine walianza kuchechemea, kwa sababu asidi ile inaharibu hata nyama ya ndani ya kwato, na kwato zilizopashwa moto kwa ndani hazirudi kuwa nzuri. Sufu ilikatika na kudondoka mabaka mabaka baada ya wiki kadhaa. Na maziwa yalikauka. Hili ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu lengo lote lilikuwa maziwa. Jike aliyepona akiwa hana tone ana wanakondoo wawili wanaomfuata wakigonga kiwele kitupu, na sasa una kazi ya chupa juu ya kazi ya wagonjwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siibadilishi kwa ushauri wa mtu: nyasi kwanza, kisha nafaka, na nafaka huongezwa kwa konzi baada ya siku kadhaa, hata kama kundi limekonda. Hasa kama limekonda. Njaa ya kundi ndiyo inayokupa haraka, na haraka hiyo ndiyo inayowaua, kwa sababu kondoo mwenye njaa hula haraka kuliko wote na tumbo lake ndilo lisilojiandaa kuliko yote.

Kwa vipimo. Siku ya kwanza mpe kila kondoo mkubwa gramu 50, hadi 100 kwa wenye miili mikubwa. Najua inaonekana ni dharau kwa mnyama aliyekonda. Mpe hivyo hivyo. Kaa hapo siku mbili tatu, ongeza gramu 50, kaa tena, ongeza. Ukifika gramu 300 au 400 hakikisha zimepita wiki mbili au zaidi, na hapo wale bakteria wa kuila asidi wameshajaa. Ukitaka kuvuka hapo, gawa asubuhi na jioni. Jike mkubwa asipewe zaidi ya nusu kilo ya nafaka kwa mlo mmoja, hata awe amezoea vipi. Ukiona kinyesi kimelainika, rudi hatua moja nyuma, subiri, ndipo uendelee.

Nyasi kavu wapewe kabla, si pamoja. Wale nyasi saa moja au zaidi, matumbo yawe na kitu cha kucheua, ndipo ulete nafaka. Kama huna nyasi kavu kabisa, pesa uliyobaki nayo inunue nyasi kavu kwanza, mabua, majani yoyote makavu yasiyo na ukungu. Kondoo wa kilo 50 asiyenyonyesha anahitaji kama kilo moja hadi moja na nusu ya chakula kikavu kwa siku, na mwenye mapacha anahitaji zaidi sana. Sehemu kubwa ya hicho iwe majani. Nafaka ni nyongeza, na haijawahi kuwa mbadala wa majani kwa mnyama anayecheua.

Nafasi horini ni dawa kuliko dawa. Sentimita 45 kwa kila jike, na wenye pembe zaidi, ili wote waingize vichwa kwa pamoja. Hori fupi ndilo linalogeuza gramu 100 kuwa gramu 400 tumboni mwa jeuri mmoja. Kama hori halitoshi, gawa kundi: wakubwa huku, wanyonge na wenye mapacha kule. Kazi ya siku moja ya misumari na mbao itakusaidia kuliko gunia zima.

Na upime kwa mizani. Kopo lile lile likijaa mahindi na likijaa pumba uzito wake hautofautiani kidogo, unatofautiana sana. Pima kopo lako kwa kila aina ya chakula, uandike kwa kalamu ubavuni mwa kopo.

Kuna mitego miwili baada ya hapo, na watu wengi waliofuata hatua zote vizuri wamekamatwa nayo. Wa kwanza ni kukatika kwa chakula. Nafaka ikiisha, wakakaa siku kadhaa bila, halafu ikaja mpya, usirudi ulipoishia. Vijidudu wameshapungua. Rudi chini, panda tena. Wa pili ni kubadili aina. Umezoesha mahindi, yakaisha, ukapata ngano kwa bei nzuri, ukamimina kipimo kile kile. Kwa tumbo la kondoo hicho ni chakula kigeni. Changanya kidogo kidogo na ile ya zamani wiki nzima au zaidi. Na mlango wa ghala uwe na komeo la kweli. Kondoo waliovunja ghala usiku mmoja wanakufa sawa na waliojaziwa hori.

Kwa wale majike wako wenye mapacha, kama una uwezo wa kupata mashudu ya soya au ya alizeti, sehemu ya nyongeza iwe hiyo. Wanga wake ni mdogo, kwa hiyo hatari ya kuchacha ni ndogo, na anayenyonyesha anahitaji protini ili atoe maziwa. Lakini hata hayo yaingie taratibu. Na usidanganyike na urea, ile mbolea ambayo wengine huichanganya kwenye chakula badala ya protini, kwa sababu ni ya bei rahisi. Urea ikizidi kidogo tu au isipochanganyika vizuri inaua ndani ya saa chache, na mwanakondoo mdogo hana hata vijidudu wa kuitumia.

Wanakondoo sasa. Umri wa mwezi mmoja ni mzuri kuanza kuwapa chakula chao, hata wiki mbili si mapema, wataonja tu. Watengenezee kizuizi ambacho wao wanapita na mama zao hawapiti, mianya ya kama sentimita 20, urekebishe kwa kuangalia nani amekwama. Ndani weka chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20, kidogo, kipya kila siku, na kilichobaki jana kiondoe wape wakubwa. Mwanzo wanakula vipunje tu, usihofu. Hatari kwao ni kuacha hori likawa tupu siku nzima halafu ukalijaza. Wanafika wana njaa, wanakula kwa pupa, na umeshajua kinachofuata.

Ila kwa wanakondoo kuna muuaji wa pili anayefuata wanga huo huo, na huyu anachagua aliyenona zaidi. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens aina ya D huishi kwenye utumbo wa kondoo wengi bila madhara. Wanga mwingi ukipita tumbo ukashuka hadi utumboni, anaongezeka ghafla na kutoa sumu. Mwanakondoo aliyekuwa anaruka jioni, asubuhi umemkuta amekufa, kichwa kimevutwa nyuma, na hujaona dalili yoyote. Huyu ana chanjo, na chanjo yake ni rahisi kuliko mwanakondoo mmoja. Wanakondoo huchanjwa mara mbili, wiki nne hadi sita katikati, na mama huongezewa kama wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa ili kinga ipite kwenye dang'a. Kama mama zako hawakuchanjwa, zungumza na daktari wa mifugo kabla hujapandisha nafaka ya wanakondoo.

Chakula cha ng'ombe wa maziwa: usiwape. Hili nalo ni la kufa na kupona, ila linaua polepole, ndiyo maana watu wanabishana. Kondoo hawezi kutoa madini ya shaba mwilini kama wanyama wengine. Yanajikusanya kwenye ini wiki hata miezi, mnyama anaonekana mzima, halafu siku moja akipata msukosuko, usafiri, baridi, njaa, ini linamwaga shaba yote kwenye damu na chembe za damu zinapasuka. Unaona macho na ufizi vimekuwa njano, mkojo mwekundu mweusi, na wengi hawaponi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha shaba katika chakula cha kondoo kuwa miligramu 15 kwa kilo, wakati chakula cha ng'ombe mkubwa kinaruhusiwa kufika 30. Chakula cha nguruwe na cha kuku nacho kiko hivyo hivyo, au kibaya zaidi. Mtu akikuambia "nimewapa mwaka mzima hawajafa", muulize kundi la mwaka wa pili likoje. Soma lebo ya gunia, na kama haisemi kondoo, si la kondoo. Hata jiwe la kulamba, nunua lililoandikwa ni la kondoo.

Kama una madume au maksai ndani ya kundi hilo, nafaka ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na huwatengenezea vijiwe kwenye njia ya mkojo. Kalsiamu iwe mara mbili ya fosforasi, unga wa chokaa ya mifugo unasaidia, na maji safi yasikauke. Dume anayejikunyata na kukamua bila mkojo kutoka ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Na yule aliyependekeza uwakatie chakula majike wenye mimba kubwa "ili wanakondoo wasiwe wakubwa tumboni", tafadhali usimsikilize pia. Wiki sita za mwisho ndipo mtoto anapokua sehemu kubwa ya mwili wake, karibu asilimia 70 ya uzito wa kuzaliwa. Jike mwenye mapacha tumboni akinyimwa wakati huo anayeyusha mafuta yake mwenyewe hadi sumu inamjaa damuni, analala, hali, hasimami tena. Mimba kubwa inaongezewa, kwa kanuni ile ile ya konzi, na inapaswa kuanza mapema ili ufike kwenye kipimo kabla ya wiki hizo, si ndani yake.

Sasa kama umesoma hii umechelewa, na tayari walishakula. Ondoa nafaka yote, hata iliyodondoka chini. Waache na nyasi kavu tu. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, usisubiri mmoja aanguke, na mwambie wazi wamekula nini, kiasi gani na saa ngapi. Usimwambie "wanaumwa tumbo". Atakuja na vitu vya kuzimua asidi, sodiamu baikaboneti au hidroksidi ya magneziamu, atapima dozi kwa uzito, atatoa vitamini B1, na atasema kama kuna haja ya antibayotiki na maji ya mshipa. Sodiamu baikaboneti ni ile soda ya kuokea mikate. Magadi soda ya kutengenezea sabuni yanaunguza koo na tumbo, usiyaguse. Kondoo aliyelala ubavu na hawezi kuinua kichwa usimnyweshe kitu kwa nguvu, maji yataingia kwenye mapafu umuue wewe. Mnyanyue akae kifuani kwanza. Walio wazima watembeze taratibu na uwatazame usiku kucha, kwa sababu wanaoonekana wazima jioni ndio wanaoanguka alfajiri. Na usiwape dawa ya minyoo.

Andika hapa leo una nyasi kavu kiasi gani, mahori yako yana urefu gani jumla, kondoo wana uzito gani kwa makadirio, na kama majike walichanjwa kabla ya kuzaa. Nitakupangia gramu za kila siku kwa wiki tatu, uzibandike kwenye mlango wa ghala.